Binamu ameniambia dola 10,200 za kwanza hazitozwi kodi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa jikoni. Binti yangu amelala, na kompyuta iko mbele yangu imefunguliwa kwenye ukurasa wa kodi tangu juzi. Kila nikitaka kubonyeza kitufe cha kutuma, mkono unakataa.

Mimi ni Mkongo wa Fizi, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa nane hapa Des Moines, Iowa. Nina mtoto mmoja wa miaka tisa, namlea peke yangu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya jioni. Mwezi wa saba mwaka jana, 2025, wakatukusanya kwenye ukumbi wa chakula, wakasema zamu yetu imefutwa. Tulivua aproni, tukarudisha visu, tukatoka. Wengine walilia kwenye maegesho ya magari. Mimi nililia nilipofika nyumbani.

Nikaomba mafao ya kukosa kazi. Niliona aibu, maana kwetu nimezoea kula jasho langu, lakini pango la nyumba halisubiri aibu ipite. Wakanipa dola 450 kwa wiki, wiki 16, ambao ndio ukomo wa hapa Iowa. Jumla 7,200. Wakati wa kuomba waliniuliza kama nataka kodi ikatwe humo humo, nikajibu hapana, kwa sababu hizo 450 zenyewe zilikuwa hazitoshi. Mwezi wa kumi na moja nikapata kazi ya usafi kwenye nyumba ya wazee, saa chache chache, lakini ni kazi.

Sasa nimefika kwenye kodi. Niliingiza W-2 zangu mbili, zile karatasi za mwajiri za mshahara wa mwaka, jumla dola 24,000. Nikamwandika mtoto. Programu ikaleta namba ya kijani: marejesho dola 5,920. Shangazi, nilipiga vigelegele peke yangu. Usiku ule ule nikampigia mama Nyarugusu, nikamwambia nitamtumia dola 600 za ada ya mdogo wangu na za kumtibu macho yake. Mama akaniombea mpaka salio likaisha.

Kesho yake nikapata kwenye sanduku la barua karatasi inaitwa 1099-G, inayoonyesha mafao niliyolipwa. Nikaiingiza. Ile namba ya kijani ikaporomoka nikiitazama, ikasimama 4,512. Zaidi ya dola 1,400 zimeondoka. Na kinachonichanganya kabisa, ukurasa huo huo unasema kodi ninayodaiwa ni sifuri. Sifuri! Sasa 1,400 zimechukuliwa na nani, na kwa kosa gani?

Nikampigia binamu yangu wa San Diego. Akacheka, akasema nimekosea kujaza. Kwamba dola 10,200 za kwanza za mafao hazitozwi kodi, na zangu hazifiki hata huko. Yeye alipoteza kazi hotelini wakati wa korona, hakulipa chochote, na IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, wenyewe walimtumia hundi nyumbani bila yeye kuomba. Tena California hawatozi mafao haya hata kidogo. Ushauri wake ni niifute ile 7,200, au niiache karatasi yenyewe kana kwamba haikufika.

Kuna na mzee mmoja anayewajazia watu kodi hapa kwetu kwa dola 200. Amesema nimletee karatasi zote, namba yangu ataipandisha hadi ilipokuwa, na atachukua chake humo humo kwenye marejesho.

Nimsikilize nani? Mama nimeshamwahidi.

Jambo dogo ambalo sijui kama lina maana: wiki ya mwisho ya mafao nilikuwa nimeshaanza kazi, wakanilipa kwa makosa. Wakaniandikia barua, nikarudisha dola 450 kwa mani oda mwezi wa kumi na mbili. Hilo limekwisha.

Mama wa Mmoja, Des Moines, Iowa

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale mwisho, kwenye lile uliloliita jambo dogo. Tutalirudia, maana ndilo lenye fedha yako halali. Lakini kwanza toa mkono kwenye kompyuta, upumue. Siku ya mwisho ya kutuma kodi ya 2025 kwa serikali kuu ni tarehe 15 Aprili 2026. Hujachelewa, na hujakosa lolote.

Nianze na binamu, kwa sababu nisingependa umwone mwongo. Aliyokusimulia yalimpata kweli. Kosa lake ni kuchukua mambo ya mwaka mmoja na ya jimbo moja akakuvalisha wewe, uliye mwaka mwingine na jimbo jingine.

Tarehe 11 Machi 2021, Rais Biden alitia saini sheria kubwa ya kuwakwamua watu na hasara za korona. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema hivi: aliyepokea mafao ya kukosa kazi mwaka 2020 asihesabiwe dola 10,200 za kwanza kama kipato, mradi kipato chake kiwe chini ya dola 150,000. Mume na mke waliopoteza kazi wote wawili, kila mmoja alipata 10,200 zake, hata wakifikia 20,400. Kifungu hicho kilikuja wakati mamilioni ya watu wameshatuma kodi zao na kulipia mafao yale. Ndiyo maana IRS ililazimika kurudi nyuma, ikafungua tena mafaili, ikapiga hesabu upya yenyewe na kurudisha fedha. Walipomaliza kazi hiyo walikuwa wametuma marejesho karibu milioni 12, jumla dola bilioni 14.8. Hundi ya binamu yako ilikuwa mojawapo. Haki yake kabisa.

Lakini kifungu kile kilikuwa cha mwaka 2020 peke yake. Waliopokea mafao mwaka 2021, korona bado ikiwa kali, hawakusamehewa hata senti. Nakumbuka majira yale ya kodi nilivyokuwa nimekaa kwenye meza ya kujitolea maktaba, watu wanakuja na nusu ya habari kama hii uliyoipata wewe, wanatoka wamenywea. Mimi naamini Bunge la Marekani lingeweza kuiacha nafuu ile iendelee kwa wenye kipato kidogo, na sioni kwa nini haikufanyika. Lakini kodi hujazwa kwa sheria iliyopo, hata kama mimi na wewe tungetamani nyingine.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Hadi mwaka 1978 mafao haya hayakutozwa kodi ya serikali kuu. Kuanzia 1979 wakaguswa wenye kipato cha juu tu, na kuanzia 1987 yakahesabiwa yote, kwa kila mtu, kama kipato kingine. Mwaka 2009, uchumi ulipoanguka, wakasamehe dola 2,400 za kwanza, mwaka ule mmoja, kisha mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena kwa 2020, ukafungwa tena. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna kiasi kisichohesabiwa, muulize ni mwaka gani. Kwa 2025 jibu ni kwamba mafao yanahesabiwa yote.

Na California? Ni kweli, jimbo lile halitozi kodi yake juu ya mafao ya kukosa kazi. Pennsylvania, New Jersey na Virginia nazo hazitozi. Texas, Tennessee na Washington hazina kodi ya jimbo kwenye mishahara kabisa. Lakini hiyo ni kodi ya jimbo. Ya serikali kuu inamfuata kila mtu popote alipo, hata huyo binamu mwenyewe. Na Iowa yako haimo kwenye majimbo hayo. Yenyewe huanza hesabu pale ilipoishia ya serikali kuu, na kwa 2025 inatoza asilimia 3.8.

Sasa tuje kwenye swali lako lililo gumu, na ambalo wengi hawalipatii jibu hata wakilipa: kodi ni sifuri, iweje 1,400 ziondoke?

Ile 5,920 uliyoiona siku ya kwanza haikuwa kodi yako uliyokatwa ikirudi. Kwa mshahara wako, na mtoto uliyemwandika kazini, nadhani hukukatwa kodi ya serikali kuu yoyote ya maana. Angalia kisanduku cha 2 kwenye W-2 zako. Bila shaka ni tupu au kina sifuri. Fedha ile ilitoka kwenye mifuko miwili. Wa kwanza ni nafuu ya mtoto, ambayo kwa 2025 ni dola 2,200 kwa mtoto mmoja; nafuu hiyo hufuta kodi yako kwanza, na kinachobaki unapewa mkononi, ila kisizidi 1,700. Wa pili ni EITC, ile nyongeza ambayo serikali kuu humpa mfanyakazi wa kipato kidogo, na huwa kubwa zaidi kwa mwenye watoto.

Tupige hesabu yako kwa mshahara peke yake. Wewe hujaolewa, nyumba unaiendesha mwenyewe na mtoto yuko kwako, kwa hiyo unajaza kama mkuu wa kaya, na dola 23,625 za kwanza haziguswi. Toa hizo kwenye 24,000, zinabaki 375. Kodi yake ni dola 39. Nafuu ya mtoto inaifuta, na unapewa 1,700. EITC yako inakuwa 4,220. Jumla 5,920. Ndiyo vigelegele vyako.

Ongeza mafao 7,200. Kipato kinakuwa 31,200, na kinachotozwa ni 7,575. Kodi ni dola 758. Nafuu ya mtoto inaifuta yote, ndiyo sababu ukurasa unakwambia sifuri. Lakini imetumika 758 badala ya 39, kwa hiyo iliyobaki ya kukupa mkononi ni 1,442. Hapo zimeondoka dola 258.

Pigo kubwa liko kwenye EITC. Kwa mama wa mtoto mmoja asiye na mume, EITC ya 2025 inafika juu kabisa dola 4,328, na kipato kikivuka 23,350 huanza kushuka: kila dola moja inayoongezeka inaiondolea takriban senti 16. Mafao yako hayahesabiwi kama kipato cha jasho, kwa hiyo hayawezi kukupandishia EITC. Lakini yanahesabiwa kwenye jumla ya kipato, kwa hiyo yanaweza kuishusha. Hapo ndipo penye uchungu, na hakuna anayemwambia mtu siku anapoomba mafao. EITC yako ikatoka 4,220 ikafika 3,070. Dola 1,150 hizo. Jumlisha na 258, unapata 1,408. Hakuna aliyekuibia, na programu haikukosea.

Najua maelezo hayarudishi fedha. Ila angalia na upande wa pili: katika 7,200 ulizopokea, kwa hesabu ya serikali kuu peke yake, karibu 5,800 zimebaki zako. Na kama ungezipata kama mshahara, EITC ingeshuka vile vile, na juu yake ungekatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya uzeeni, zaidi ya dola 550. Kwenye mafao makato hayo hayapo.

Kuhusu kuifuta ile 7,200 au kuiacha karatasi droo. Mwanangu, usifanye hivyo. Nakuomba kama ninavyomwomba mtoto wa kumzaa. 1099-G uliyoipata wewe, nakala yake imeshakwenda IRS. Kompyuta zao hulinganisha ulichoandika na walichopelekewa. Hutasikia kitu mwezi wa pili wala wa nne, marejesho yataingia benki yote 5,920, utatuma kwa mama, utalipa deni la gari. Kisha baada ya miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, inakuja barua yenye kichwa CP2000: tunaona 7,200 ambazo hukuzitaja, rudisha tofauti, na riba yake. Wanaweza kuongeza faini ya asilimia 20. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na barua hii nimeiona mikononi mwa watu wazima wakitetemeka.

Kibaya zaidi ni hiki. Sheria ya EITC inasema anayeidai kwa kutojali kanuni makusudi anaweza kufungiwa miaka miwili asiipate tena, na akionekana amefanya udanganyifu, miaka kumi. Wewe mwaka huu EITC yako inazidi 3,000. Utahatarisha miaka miwili ya fedha hizo kwa ajili ya 1,400?

Ndiyo maana yule mzee wa dola 200 ananitisha kuliko binamu. Binamu anakosea kwa upendo. Huyu anaahidi namba kabla hajaona karatasi, na anataka kula kwenye marejesho. Muulize jambo moja: utaweka sahihi yako na namba yako ya PTIN kwenye fomu yangu? Kila anayejaza kodi za watu kwa malipo hapa Marekani lazima awe na namba hiyo na atie sahihi. Akikwambia "weka kwamba umejaza mwenyewe", ondoka. Siku barua ikija itaandikwa jina lako, si lake. Kuna VITA, watu wa kujitolea waliofundishwa na kufanyiwa mtihani, wanaowajazia kodi bure watu wa kipato kama chako. Hukaa kwenye maktaba, makanisa na vyuo kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa nne. Omba mkalimani, maeneo mengi wanaye au wanampata kwa simu.

Sasa ile mani oda.

Umesema ulilipwa 450 kwa makosa, ukazirudisha mwezi wa kumi na mbili, mwaka ule ule wa 2025. Kisanduku cha 1 kwenye 1099-G yako kinasema 7,200, maana wameandika walicholipa. Lakini wewe hukubaki na 7,200. Ulibaki na 6,750, na sheria inakuruhusu kutaja hizo 6,750, mradi ulirudisha ndani ya mwaka ule ule. Kwenye fomu 1040, ile fomu kuu ya kodi, karatasi ya nyongeza ya kwanza, mstari wa 7, kuna mahali pa kuonyesha kwamba umerudisha na kiasi gani. Kwenye programu, ukishaingiza 1099-G huwa kuna swali la kama ulirudisha sehemu ya mafao. Watu wengi huliruka kwa haraka. Usiliruke. Andika 450.

Hesabu inageuka hivi: kipato 30,750, kodi 713 inayofutwa na nafuu ya mtoto, mkononi 1,487, na EITC inapanda hadi kama 3,141. Jumla takriban 4,628. Ni dola 116 zaidi ya ulizoziona, na hakuna barua itakayokuja kuzidai. Tafuta kishina cha mani oda na ile barua waliyokuandikia, uvipige picha, uviweke pamoja na karatasi za kodi za mwaka huu. Usivitume, vitunze tu. Na kwa kuwa Iowa huanzia kwenye hesabu hiyo hiyo, na EITC yake ni asilimia 15 ya ile ya serikali kuu, huko nako utapata kidogo zaidi. Iowa tarehe yake ya mwisho ni 30 Aprili.

Kabla hujatuma, linganisha kisanduku cha 1 na fedha zilizoingia benki wiki kwa wiki. Nasema hivi kwa sababu wakati wa korona matapeli walichukua mafao kwa majina ya watu, na wenye majina wakaletewa 1099-G za fedha wasizoziona. Aliyepata karatasi ya namna hiyo asiandike kipato ambacho hakupokea. Aiombe ofisi ya jimbo iliyoitoa irekebishe, na kwenye kodi aandike kile alichopokea kweli.

Umeniuliza bila kuniuliza kama ulikosea kukataa wakate kodi. Kwako wewe, hapana. Wangekata asilimia 10, yaani 45 kila wiki, na zote 720 zingekurudia sasa hivi, kwa sababu kodi yako imefutwa na mtoto. Ungekuwa umeweka akiba tu, katika miezi ambayo hukuwa na cha kuweka. Ulifanya vizuri kununua chakula.

Lakini najua barua hii itasomwa na kijana aliyepoteza kazi kama wewe, hana mtoto, yuko peke yake. Kijana, wewe hesabu yako ni tofauti kabisa. Huna nafuu ya mtoto ya kukufutia. Mafao yako yanapanda juu ya mshahara na kutozwa asilimia 10 au 12, na hakuna anayekukatia usipoomba. Jaza fomu W-4V, ya kuomba kodi ikatwe kwenye mafao, au ukubali makato pale unapoomba mafao. Ni asilimia 10 tu, huwezi kuchagua nyingine. Ikiwa mafao yameshakwisha na deni limekuja, tuma fomu kwa wakati hata kama huna senti. Kuchelewa kutuma fomu wanatoza asilimia 5 ya deni kila mwezi, hadi 25. Kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Watu hufanya kinyume, wanaificha fomu kwa sababu hawana fedha, na hapo deni ndipo linapokua. IRS wanakubali kulipwa polepole: hadi siku 180 bila ada ya kufungua mpango, au kwa awamu za kila mwezi kwa muda mrefu zaidi. Unaomba kwenye tovuti yao mwenyewe, huhitaji mtu wa kati.

Nirudi kwako, Mama wa Mmoja. Ile aibu uliyoitaja mwanzoni imenikaa moyoni. Mafao ya kukosa kazi yanatokana na kodi ambayo waajiri hulipa juu ya mishahara ya watu kama wewe, miaka yote uliyosimama kwenye baridi ya kiwanda kile na kisu mkononi. Bila kazi uliyoifanya usingepewa hata wiki moja. Na serikali yenyewe, inapoyatoza kodi, inakiri kwamba ni kipato kama kipato kingine, si sadaka.

Na mama yako Nyarugusu? Mpigie. Mwambie dola 600 zipo, zitakuja, 4,600 zinatosha kuzitoa. Ila usimwambie kesho. Marejesho yenye EITC hayaruhusiwi kutoka kabla ya katikati ya Februari, na wengi huyaona benki kuelekea mwanzoni mwa Machi, kwa wanaotuma mapema kwa kompyuta na kuandika namba ya akaunti sawasawa. Mwambie mwezi wa tatu. Macho yake aanze kuyaulizia hospitali ya kambi sasa, ili fedha ikifika ajue anakwenda wapi.

Shangazi